Printa chaguo-msingi inayohamahama kwenye kompyuta za pamoja

Ofisi ya kuondoa mizigo karibu na bandari ya Kilindini ina printa mbili, chini na ghorofani. Karani akichapisha ghorofani mara moja tu, hati zinazofuata zinatokea huko huko, na dereva wa lori anasubiri karatasi chini. Windows 10 na 11 zina mpangilio ambao, ukiwa umewashwa, hufanya printa iliyotumika mwisho kuwa chaguo-msingi, yaani inayotumika usipochagua nyingine. Kuuzima mpangilio huo kwa mkono hakutoshi: ni wa mtumiaji, si wa mashine, kwa hiyo akiingia mwingine tatizo linarudi.

Kupitia Group Policy (zana ya Windows ya kusambaza mipangilio kwa kompyuta nyingi) niliweka LegacyDefaultPrinterMode, thamani ya rejista inayozima mpangilio huo, kuwa 1, chini ya HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Windows. Kisha nikaipangia kila kompyuta printa yake kwa kutumia jina la kompyuta. Halafu amri ya gpupdate /force ili sera mpya zitumike mara moja, toka, ingia tena.