Skopu yangu ilivyonidanganya kwa siku mbili

Siku mbili nzima nilikuwa nikiisingizia amplifaya ya watu. Ililetwa na kijana anayepiga muziki wa harusi hapa Tanga, lalamiko lake likiwa kwamba upande mmoja unaunguruma. Nikaifuata sauti hatua kwa hatua kwa skopu, kile kifaa kinachochora umeme kama wimbi kwenye kioo, na kila nikifika kwenye hatua ya kwanza ya ukuzaji naona wimbi fupi kuliko inavyopasa. Nikabadilisha kapasita mbili, nikabadilisha transista, wimbi liko vilevile. Jioni ya pili kiwiko kikagonga nobu ya skopu kwa bahati mbaya, na wimbi likaruka juu, likakaa pale lilipotakiwa kuwa tangu mwanzo. Nikaigusa nobu tena, likashuka. Transista niliyoing'oa ilikuwa nzima kabisa.

Skopu yenyewe ni Tektronix 465, mashine ya Marekani iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, chaneli mbili, megahezi 100. Niliipata kwenye karakana iliyokuwa inafungwa, ikiwa na vumbi la kutosha kuoteshea mchicha. (Ukibahatika kupata ya namna hiyo, kabla hujaichomeka iangalie swichi ya kuchagua volti. Iliyokuwa ikitumika Marekani huenda bado imewekwa kwenye 115.)

Jambo jema la skopu hizi ni kwamba zina shahidi wao wenyewe. Mbele kuna kituo kidogo kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, milivolti 300. Nikaweka probu (waya wa kupimia) isiyogawanya, yaani isiyopunguza ishara, na kuanza kuandika kwenye daftari. Ukiweka milivolti 50 kwa mraba wa kioo, wimbi linatakiwa kujaza miraba 6. Ukiweka 100, miraba 3. Ukiweka 200, mraba mmoja na nusu. Chaneli ya pili ilitii yote. Ya kwanza, kwenye 100 ilikuwa sawa, lakini kwenye 50 ikanipa miraba minne na ushee, tena inatetemeka kama mwenye homa. Nikagonga nobu taratibu kwa penseli, wimbi likacheza. Probu ni ileile, ishara ni ileile, kwa hiyo mwizi yuko kwenye swichi inayozungushwa na nobu hiyo.

Mkono ulikuwa unawasha kuchukua kopo la dawa ya kupulizia swichi. Kilichonizuia ni aibu ya zamani. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na jenereta ya mawimbi ya redio, yenye swichi ya sahani za rangi ya kahawia, zile zinazofanana na karatasi ngumu iliyoshindiliwa. Ilikuwa inakatika masafa, nami nikaipulizia mafuta ya kulegezea nati. Siku ile ilipona. Baada ya wiki chache masafa yakaanza kutembea yenyewe, na vumbi lote la karakana likaganda pale. Nikaipeleka kwa mzee mmoja mstaafu wa mitambo ya simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeipaka nini hii, mwanangu?"

Nikamwambia. Akainusa, akacheka hadi akavua miwani. "Basi umeiunga kwa mafuta na haijaiva. Sahani hizi zinakunywa. Mafuta yameingia ndani, na umeme sasa unapita mahali usipoalikwa."

Hakuweza kuiokoa, nami sijaisahau ile harufu.

Swichi ya 465 si ya sahani. Ndani kuna mche wa plastiki wenye vinundu. Ukizungusha nobu, vinundu vinasukuma au kuachia ndimi nyembamba za chuma, nyembamba mno, na ndimi hizo zinagusa vidoa vya dhahabu vilivyo kwenye bodi yenyewe. Kila kituo cha nobu kinafunga mchanganyiko wake wa ndimi, ndiyo maana 100 ilikuwa nzima na 50 mgonjwa.

Hapo nilijiuliza sana: dhahabu haipati kutu, sasa kinachoharibika ni nini? Ni utando. Moshi wa sigara wa mafundi waliotangulia, moshi wa kulehemu, vumbi laini, vyote vinatua pale na kuacha ngozi ambayo jicho haliioni. Swichi ya taa nyumbani haijali utando kama huo, kwa sababu volti 230 zinaupasua na cheche inaunguza mabaki. Milivolti chache hazina ubavu wa kupasua chochote. Zinafika mlangoni, zinabisha, zinarudi. Kwa hiyo kifaa cha kupimia, ambacho kazi yake ni kushughulika na vitu vidogo, ndicho kinachoteseka kwa uchafu mdogo kuliko vyote.

Nikachomoa waya wa umeme na kuiacha skopu mpaka kesho yake. Kinescopu yake, lile bomba la kioo linaloonyesha wimbi, inatumia maelfu ya volti, na mimi nina watoto. Nobu zake zimebanwa kwa skrubu ndogo zenye tundu la pembe sita la inchi 1 ya 16. Spana ya milimita 1.5 inaingia, lakini inacheza ndani na itakula kona za tundu. Tafuta ya inchi. Kisha nikafungua kifuniko cha bati kinachokinga swichi ya chaneli ya kwanza.

Kuhusu spiriti: niliagiza ya isopropili ya asilimia 99 kutoka Dar, duka la vifaa vya maabara. Ile ya dukani yenye rangi inaacha rangi yake. Kitakasa mikono ndiyo usithubutu, kwa sababu mara nyingi kina gliserini na utakuwa umeongeza utando badala ya kuuondoa. Thina na asetoni zinaweza kuyeyusha plastiki ya mche. Na msasa, hata ule laini kabisa, unaondoa dhahabu, ikishaondoka hairudi.

Nilianza na pamba za masikio. Kosa. Uzi mmoja ulinasa kwenye ulimi, nikavuta bila kujua, ulimi ukainuka. Nilikaa karibu saa nzima na sindano na kioo cha kukuzia nikiurudisha ulingane na wenzake, huku nikiomba usikatike. Baada ya hapo nikatumia karatasi nyeupe ya kawaida ya kuandikia, nikaikata vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti. Unazungusha nobu mpaka ulimi unaoutaka uinuke, unapitisha kipande kilicholowa spiriti chini yake, unazungusha ulimi ushuke wenyewe juu ya karatasi, kisha unavuta polepole, ukifuata urefu wa ulimi, kamwe si kwa ubavu. Nguvu ya ulimi inatosha, usisukume kwa kidole. Kipande cha kwanza kilitoka na mstari wa kijivu. Cha pili kijivu hafifu. Cha tatu cheupe, nikahamia ulimi unaofuata. Malizia na kipande kikavu, na uhakikishe hakijaacha nyuzi.

Chaneli moja ilinichukua asubuhi nzima. Swichi ya muda, inayochagua kasi ya mstari kwenye kioo, nayo ilikuwa inazima mstari kwenye kituo kimoja, nikaifanyia vilevile. Vitufe vya kubonyeza nilivipa tone moja moja na kuvibonyeza mara ishirini hivi.

Kishawishi kingine kilikuwa kuvigusa vile vikapasita vidogo vya kurekebishia, kwa kuwa kona za wimbi la mraba zilikuwa zimeviringika. Nikajizuia. Nilipoiwasha jioni, spiriti ikiwa imekauka, nikaiacha ipate joto nusu saa. Miraba 6 kamili kwenye 50, na kona zimesimama zenyewe. Ningezirekebisha kabla ya kusafisha, ningekuwa nimeipotosha skopu ifuate uchafu.

Amplifaya? Waya wa kinga wa kebo ya kuingizia ulikuwa umekatika ndani ya plagi, dakika tano za kulehemu. Transista ya zamani nikairudisha mahali pake, na kijana sikumtoza ile mpya.

Kituo cha volti 5 bado kinaruka kidogo, mara moja moja, hasa asubuhi za masika. Ulimi wake uko nyuma kabisa, na kuufikia ni lazima nichomoe vipande viwili vilivyolehemiwa. Nimeweka nukta ya rangi ya kucha kando ya nobu, niliyoazima kwa mke wangu, ili nikumbuke nisikiamini.