Bibi Hakutaka Kuhojiwa, Alitaka Nikune Nazi

Mwaka wa nane huu nakula kwa kupiga video za harusi, tena zile shughuli za wanawake watupu, kesha na kupamba. Mombasa hapa mpiga video mwanamke halali njaa, maana wanaume hawaingii humo na simu za wageni huachwa mlangoni. Kwa hivyo nilipoamua kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu bibi yangu, nilijiona nimeshafika. Mimi niliyewahi kumpiga video biarusi na mama mkwe wake waliogombana asubuhi, wakatoka kwenye picha wanacheka, nitashindwa na kizee mmoja wa Kibokoni, Mji wa Kale, asiyetoka nyumbani?

Nilishindwa, tena vibaya.

Kosa lilianza kwenye warsha moja ya siku tatu. Mwalimu alitwambia filamu ni mahojiano: mkalishe mtu kitini, mwekee taa tatu, muulize kitu kinachouma, kisha nyamaza. "Akilia, umepata filamu." Nikayaandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari. Hadi leo nikiliona lile daftari naona haya.

Siku ya kwanza Bibi akataka gauni lake la Idi. Akapakwa wanja, akakaa mgongo wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Nikazima pangaboi ili lisiingie kwenye sauti. Mwezi wa pili huo, na mnaujua mwezi wa pili wa Mji wa Kale, nyumba zimebanana hata upepo hauna pa kupita. Juu yake zile taa tatu.

"Bibi, babu alipofariki ulijisikiaje?"

"Alhamdulillahi."

"Na maisha ya sasa unayaonaje?"

"Alhamdulillahi. Washa pangaboi."

Dakika arubaini. Nina dakika arubaini za alhamdulillahi kwenye diski, na jasho la Bibi likichuruzika na wanja wake. Usiku nilipozitazama nikakuta picha nzima inapepesa kama taa ya disko. Kamera nilikuwa nimeazima kwa rafiki aliyeileta kutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, nayo ilikuwa imewekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Wetu ni wa hezi 50, na ile taa ya tyubu ya sebuleni iliniumbua. Weka fremu 25, shata (muda wa mwanga kuingia) 1/50 ya sekunde, kwisha. Kwenye harusi hata mtoto wangu angekwambia hivyo. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa "mtengeneza filamu", mambo ya harusi nimeyaacha kwa wenyewe.

Siku ya tatu nilikwenda na kinyongo. Mama mdogo, ambaye ndiye anayeishi na Bibi na kumtunza, alikuwa amekwenda sokoni Marikiti, akaniachia nazi mbili nikune. Kamera nikaitega kwenye stendi pale uani nikijaribu fremu zangu 25, nikaiacha inanasa. Nikakaa kwenye mbuzi. Kusema kweli, mimi ni mtu wa tui la pakiti. Nilikuwa nakwangua tu, vipande vyeusi vyamwagikia kwenye sinia.

Bibi kutoka ndani: "Hiyo ni nazi au wachonga mlango?"

Akaja polepole, mkono ukutani. Akatazama sinia. "Wewe! Wafika kwenye kifuu! Tui litakuwa jeusi kama maji ya mtaro. Hebu ondoka."

Akakaa yeye. Magoti yalimpa tabu kidogo, lakini alipokamata kile kipande, mikono ikawa ya mtu mwengine. "Waanza ukingoni, wazungusha. Nazi haikimbii." Nazi ikawa inaanguka nyeupe, laini kama unga. Na mdomo nao ukafunguka. Akaniambia mwaka wake wa kwanza wa ndoa mama mkwe alimrudishia tui mara tatu kwa siku moja. Akaniambia babu alikuwa na mtindo wa kuja mlangoni mwa jikoni kutafuta kibiriti, naye havuti sigara wala hawashi jiko. "Kibiriti gani! Alikuwa akinitazama." Akacheka mpaka akaacha kukuna.

Dakika ishirini na mbili, na kamera ilikuwa inanasa. Nilikimbilia chooni nikaruka ruka peke yangu.

Tangu siku hiyo sikuuliza swali tena. Nikawa nakosea. Nilichambua mchele nikaacha mawe, nikakanda unga wa chapati ukawa kama uji, nikakunja leso ovyo. Kila kosa lilimtoa kitini na kumtoa na kisa. Mama mdogo, ambaye sikumwambia siri mapema, alinivuta pembeni: "Mwanangu, hata wali hujui? Utaolewa vipi?" Nimeolewa miaka sita. Na kosa la kikuba, kile kishada cha asumini, sikuigiza. Asumini zangu zilimwagika zote sakafuni bila makusudi.

Sauti ilinisumbua kuliko picha. Maikrofoni ya kubana nguoni haifai kwa mwanamke anayejitanda leso, kwani Bibi akiongea huivuta na kuirudisha, unasikia khash khash tu. Nikanunua kinasa sauti kidogo cha mtumba, elfu nne na kitu, au tano, nikakivisha soksi ya mtoto na kukizika kwenye kikapu cha vitunguu. Azana nayo usishindane nayo, kwetu huanza msikiti mmoja, wa pili ukadakia, wa tatu, na hakuna sentensi inayopona. Acha kunasa, subiri imalizike. Mimi nilipanda darini nikanasa azana peke yake, ikaja kunifaa kuunganisha alasiri mbili tofauti.

Jambo ambalo warsha haikuligusa kabisa ni ruhusa. Kumbukumbu za Bibi hujaa na kupwa. Leo amekubali, kesho hajui kamera ni nini. Kwa hivyo kila asubuhi, baada ya shikamoo, namuuliza upya. Siku mbili alikataa. Nikafunga begi, tukala viazi karai, nikarudi zangu. Watu waliniambia ati mtu wa familia haombwi ruhusa. Sawa, wao na bibi zao.

Mama mdogo naye alikubali yote isipokuwa kuoga. Bibi anaogeshwa, na hilo halionyeshwi. Nikaelekeza kamera kwenye pazia la mlango wa bafu. Pazia la maua, upepo unalisogeza kidogo, na nyuma yake sauti ya kata ikigonga ndoo.

"Maji ya baridi haya!"

"Ya moto, mama. Nimeyachemsha mwenyewe."

"Wewe ni nani?"

Kata ikanyamaza. Halafu: "Mimi ni mwanao. Inua mkono." Na maji yakaendelea.

Nilipoona kipande hicho ndipo nilipojua nimekuwa nikimfuata mtu siye. Nikarudi kwenye picha zangu zote nikimtafuta mama mdogo, nikamkuta kila mahali, ukingoni mwa fremu, amekatwa kichwa. Mkono unaoleta dawa. Sauti inayopiga hesabu ya pampasi za watu wazima dhidi ya zile 2,000 za Inua Jamii ambazo serikali humpa Bibi kwa mwezi. Nikahariri upya, miezi mitatu, usiku usiku baada ya harusi.

Ami aliyeko Muscat alilalamika kwamba yeye hayumo. Yumo. Yumo kwenye simu ya Ijumaa, paji la uso tu, maana hajajifunza kuishika sawasawa. Pesa huleta, sikatai.

Filamu ni dakika ishirini na tatu. Tuliionyesha nyumbani kwa projekta ya kukodi, shuka tumelitundika ukutani, majirani wamejaa hadi kwenye baraza. Mama mdogo alitazama amejifunika mdomo kwa leso. Bibi alikaa mbele, ametulia, mpaka ikafika ile ya nazi, pale mwanzo ninapokuna mimi.

"Muoneni yule," akasema kwa sauti. "Amefunzwa na nani?"

Nikamwambia, "Na bibiye."

"Muongo," akasema Bibi.