Bobini na mguu wake wa kushoto

Nilimsikia kabla sijamwona. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, kutwa nipo kibarazani nakanyaga pedeli, na Bobini akipita kwenye sakafu ya saruji kucha zake hugonga ta, ta, ta. Siku hiyo zikagonga ta... tata, ta... tata. Nikasimamisha gurudumu. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto.

Bobini ni kuku wa kienyeji, kishingo, yaani shingo yake haina manyoya. Mama yake alikufa kwa ugonjwa wa mdondo, ndugu zake wakabebwa na mwewe mmoja mmoja, akabaki yeye. Nikamlea kwenye boksi la viatu chini ya cherehani, na mpaka leo kwao ni pale. Anataga, lakini sikumfuga kwa mayai, na haliwi hata Idi ikifika. Nalisema mapema kwa sababu kila niliyemwomba ushauri alianzia kwenye sufuria.

Mwanzo nilijua ameteguka. Alikuwa analala juu ya mwembe na alfajiri anajirusha chini kama gunia. Basi nikawa namchua goti kwa mafuta ya karafuu, yale tunayochulia mgongo. Wiki nzima. Nilichopata ni kuku anayenuka kama chumba cha mzee mwenye baridi yabisi, na kuchechemea kuko pale pale.

Wiki ya tatu nikaenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza kuku ana umri gani wala anakula vipi, akanipa pakiti ya unga wa kuchanganya na maji, siku 5. Nikachanganya. Siku mbili za mwisho akatembea vizuri kidogo, nikafurahi, nikamwambia kila mtu. Dawa ilipoisha, ta... tata.

Jirani akaja na jina la ugonjwa: mahepe. Mama mkwe naye akasema, "Mwanangu, kuku kiwete ni mchuzi uliochelewa." Nikamjibu, "Ni kweli mama, ila huyu tumwache achelewe." Lakini neno la mahepe liliniondolea usingizi, maana huo ukishaingia hauna dawa, kinga yake ni chanjo ya kifaranga wa siku moja, na kuku wetu wa mitaani nani anawachanja siku hiyo? Mimi nawawekea tone la chanjo ya mdondo jichoni kila baada ya miezi mitatu, basi. Nikambeba Bobini kwenye tenga mpaka kwa bwana mifugo.

Yeye alimgeuza miguu juu, akachukua kitambaa chenye maji, akamfuta nyayo. Akaniuliza, "Mama, hapa chini umewahi kupaangalia?"

Sijawahi. Nimeshika paja, nimekanda goti, nimenyoosha vidole, unyayo sikuugeuza hata mara moja. Katikati kulikuwa na gaga jeusi, ukubwa wa kifungo cha shati, na nyama ya kuzunguka imevimba, ina joto. Jipu la unyayo. Kuhusu mahepe alinitoa hofu: mara nyingi huwapata kuku wadogo, wa wiki chache hadi miezi mitano hivi, mguu unalegea kabisa, kuku analala mmoja mbele mwingine nyuma. Bobini alikuwa mwaka wa tatu, na akiwekewa kidole anakikaba.

Chanzo chake nilikileta mwenyewe kwa pesa yangu. Masika iliyopita nilimwaga kokoto mbele ya kibaraza wateja wasikanyage tope. Sasa kuku mzito, anaruka mita mbili kutoka mwembeni, anatua kwenye kokoto kila alfajiri. Ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, wale wale wanaotuletea majipu sisi binadamu, ndiyo maana aliniambia ninawe kwa sabuni kila nikimaliza kumshika. Na uzito ni wa maandazi. Kila mteja anayesubiri nguo anamkatia kipande.

Hakumpasua siku ile. Aliniambia nianze kumloweka mguu: maji ya uvuguvugu ambayo kiwiko changu kinayavumilia, chumvi kijiko, dakika 15, asubuhi na jioni. Kiwembe nisiguse. Alinijua, kwa sababu mimi kichwani nilishaanza kukitafuta, si ninakifungulia mishono kila siku? Akasema pale kuna mishipa na kano, ukikata ovyo umemlemaza.

Siku ya 6 gaga likawa laini, akaja kulitoa. Usaha wa kuku si wa kumiminika kama wetu. Kilichotoka kilikuwa kigumu, cha njano, mfano wa kipande cha nazi iliyokauka, na kina mzizi. Akasafisha, akapaka iodini, akamchoma sindano, akaniandikia siku ambazo mayai yasiliwe. Watoto walinuna, tukayafukia.

Kufunga kidonda ndiko kulikuwa kazi yangu, na hapo najisifu kidogo. Nilichukua ndala iliyokatika, nikakata duara dogo, nikalitoboa katikati kama kitumbua kilichotobolewa, ili uzito ukae pembeni na kidonda kibaki hewani. Chini ya kidonda shashi, halafu duara, halafu utepe wa kitambaa unaopita katikati ya vidole na kuzunguka kisigino. Wa kwanza niliufunga kwa kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni la mtu. Nusu saa nyingi, ameudonoa wote. Kuku na rangi nyekundu! Nikabadili nikatumia cha kijivu cha sare za shule, akakisahau.

Nilimtenga wiki mbili kwenye tenga, maranda ya seremala yamejaa chini, kwa sababu wenzake walishaanza kumdonoa kichwani na kwenye chakula alikuwa anafika wa mwisho. Kila jioni nampapasa kidari. Mfupa ukianza kuchoma mkono, anakonda, manyoya yasikudanganye.

Kidonda kilifunga baada ya mwezi. Kuchechemea hakukuisha. Nilirudi kwa bwana mifugo nikidhani jipu limerudi, akabonyeza, akasema pameshapona ila kovu limebana na kifundo kimekakamaa, tulichelewa. Atatembea hivyo hivyo. Anakula, anataga, anaoga vumbi, basi yuko sawa. Siku mbaya naijua: anasimama kwa mguu mmoja muda mrefu na hafuati hata mchwa.

Kwa hiyo nilibadilisha mazingira yake. Kokoto nimezichota zote, pamewekwa mchanga. Mwembeni hapandi tena. Ana ubao wa kulalia, sentimita 30 kutoka chini, upana wa sentimita 5, nimeuvisha gunia. Kwenda kibarazani ana kibao cha kupandia badala ya kuruka. Maandazi nimepiga marufuku, ingawa kuna mama mmoja wa madera ananiibia. Masika ndiyo inanichosha, maranda yakilowa nyayo zinalainika, inabidi kubadilisha kila mara.

Na kila Ijumaa jioni namgeuza miguu juu. Wiki iliyopita nilikuta unyayo wa kulia, ule mzima, umeanza wekundu, maana sasa ndio unaobeba mzigo. Nikarudisha beseni. Jana nilipolitua tu kibarazani alipanda kibao chake, ta... tata, akasimama pembeni ya maji, akinisubiri nimalize kupinda suruali ya watu.