Kitone cha kijani kwenye mfumo wa machungwa: nilivyokifanya kiseme kweli

Mfumo niliofanyia kazi ni wa kuagizia machungwa. Wanunuzi wako Tanga mjini, wengi wao Ngamiani. Wakulima na wapakiaji wako Muheza na kwenye vijiji vinavyopanda kuelekea Amani. Dalali mwenye Fuso linalosubiri mzigo hufungua orodha ya wakulima na kuangalia jambo moja tu: nani yuko hewani sasa hivi. Akiona kitone cha kijani anaandika ujumbe na kungoja jibu, asipokiona anapiga simu. Kitone kikidanganya, gari linalala.

Seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, haimwoni mtu. Inaona maombi. Mtu akifungua ukurasa, ombi linafika na seva inajibu, kisha kimya. Akiondoka hakuna kinachofika. Kwa hiyo kitu pekee kinachoweza kurekodiwa kwa uhakika ni wakati wa mwisho simu yake iliposikika. Kinachobaki ni kuamua kimya cha muda gani kinatosha kumhesabu ameondoka, na kazi yote ya kitone imo ndani ya uamuzi huo.

Njia nyepesi, inayofaa pale ambapo watu husoma kurasa bila kuzungumza papo kwa papo, ni safu moja kwenye jedwali la watumiaji. Niliiita mwisho_kuonekana. Kila ombi la mtu aliyeingia kwa nywila yake linaandika humo saa ya seva, kwa UTC, yaani saa ya kimataifa isiyofuata eneo. Saa ya simu usiitumie kabisa: zipo nyingi zilizowekwa tarehe kwa mkono, na simu iliyo mbele kwa nusu saa itamwonyesha mtu yuko hewani kabla hajafika. Anayehesabiwa yupo ni yule aliyesikika ndani ya dakika 5. Mifumo mingine huweka 15. Usiandike kwenye hifadhidata kwa kila ombi. Andika pale tu thamani iliyopo imeandikwa zaidi ya sekunde 60 zilizopita, la sivyo kila picha na kila kitufe kinageuka kazi ya diski. Safu iwekewe faharasa, orodha ya kuharakisha utafutaji, maana swali la “nani yupo” litaulizwa mara nyingi kuliko maswali mengine yote.

Kwa dalali dakika 5 ni nyingi mno, kwa hiyo niliacha njia hiyo na kwenda kwenye WebSocket, ambapo simu na seva zinaacha laini moja ya mawasiliano wazi. Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Laini kuwa wazi upande wa seva hakuna maana kwamba upande wa pili kuna mtu. Mkulima akifunga ukurasa vizuri, kivinjari kinaaga na seva inajua mara moja. Lakini simu ikiisha chaji, au mwenyewe akiingia bondeni kusiko na mnara, hakuna kuaga. Linux, mfumo unaoendesha seva, yenyewe ina ukaguzi wa laini zilizokufa, ila ukiuwasha bila kugusa namba zake za asili unangoja sekunde 7,200 kwanza, kisha unajaribu mara 9 kwa kuachia sekunde 75. Jumla ni saa mbili na zaidi ya dakika kumi. Muda wote huo kitone ni cha kijani, na dalali anaiandikia simu iliyozimika.

Dawa ni seva kubip. Kila sekunde 25 inatuma fremu ya pingi, kipande kidogo cha data kinachouliza “upo?”, na kivinjari kinajibu pongi, yaani “nipo”, chenyewe, bila programu ya ukurasa kuhusika. Kila jibu linasogeza muda wa kuisha wa laini hiyo hadi sekunde 60 mbele, kwa hiyo mtu huondolewa baada ya majibu mawili mfululizo kukosekana. Sekunde 25 sikuzichagua hivi hivi. Nginx, programu inayopokea maombi mbele ya seva, hukata laini isiyopitisha kitu kwa sekunde 60 ikiwa hujabadilisha mipangilio yake. Ukiona vitone vinazimika na kuwaka kila baada ya dakika moja kamili, usitafute kosa kwenye mtandao wa simu. Tazama kwanza proxy_read_timeout, mpangilio wa muda huo kwenye Nginx. Wapo wanaokwepa pingi na kuufanya ukurasa utume ombi la kawaida kila sekunde 30. Inafanya kazi, lakini kila ombi linabeba vichwa (maelezo ya ombi) na kuki (data ya kumtambua mtumiaji) zake, mara nyingi baiti mia kadhaa hadi elfu na zaidi, wakati fremu ya pingi yenyewe ni baiti chache tu. Bando ni la mkulima, si letu. Tena Chrome hupunguza kasi ya vipima muda vya ukurasa uliofichwa: tangu toleo la 88, ukurasa uliojificha zaidi ya dakika 5 unaweza kuruhusiwa kuamka mara moja tu kwa dakika, na ratiba yako ya sekunde 30 inavurugika.

Pongi inathibitisha laini, haithibitishi macho. Ukurasa unaweza kuwa wazi nyuma ya programu nyingine. Kwa hiyo niliongeza tukio la visibilitychange: ukurasa ukifichwa, simu inatuma neno moja na kitone kinageuka njano, ukirudi mbele, kijani. Usitegemee beforeunload, tukio la ukurasa kufungwa, kwenye simu. Mtu akitelezesha programu ya kivinjari na kuiua, tukio hilo mara nyingi halifiki.

Hesabu ya vifaa ndiyo inayowachanganya wengi. Dalali ana simu mkononi na kompyuta mezani. Ukiweka hali kwa mtu, akifunga simu anazimika huku ameketi mbele ya kompyuta. Ukiweka kihesabio kinachopanda na kushuka, seva ikianguka katikati kinabaki na namba ya uongo milele. Mimi niliipa kila laini kitambulisho chake na kuziweka zote kwenye seti iliyopangwa ya Redis, hifadhidata inayokaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta, alama ya kila laini ikiwa wakati wake wa kuisha. Mtu yuko hewani ikiwa ana laini hata moja ambayo wakati wake haujapita. Zilizopita zinafagiliwa kwa amri ya Redis iitwayo ZREMRANGEBYSCORE. Laini inapofungwa, futa kitambulisho chake tu. Simu inayohama kutoka Wi-Fi kwenda 4G mara nyingi hufungua laini mpya kabla seva haijagundua kifo cha ile ya zamani. Ukifuta kwa jina la mtu, kifo hicho cha kuchelewa kinamzima aliye hai.

Mlimani mtandao unayumba, na kitone kinachopepesa hakuna anayekiamini. Kuwaka kunatangazwa papo hapo, kuzimika kunasubiri sekunde 20. Akirudi ndani ya hizo, hakuna aliyejua. Na tangazo liende kwa wale tu ambao jina hilo liko kwenye skrini yao. Watu 200 wakitangaziana wote kwa wote, kuwaka kwao asubuhi ni ujumbe karibu 40,000.

Mkulima pia ana haki ya kutoonekana. Kijani bila jibu huzaa lawama, “nimekuona upo, umenikalia kimya”, na mtu aliye shambani na kikapu mgongoni hastahili hilo. Anayejificha hali yake isitoke kwenye seva kabisa. Kuificha kwa rangi ya ukurasa si kuficha, yeyote anayejua kufungua vifaa vya kivinjari ataiona.

Aliyezimika anaonyeshwa mara ya mwisho alipoonekana. Chini ya saa moja andika “dakika 12 zilizopita”. Zaidi ya hapo andika saa, na iwe saa ya Kiswahili, kwa sababu “20:14” inamlazimu mzee wa Muheza kupiga hesabu. Ongeza 3 kwenye saa ya UTC na, ikifika 24 au kuizidi, toa 24. Ukishapata saa ya hapa, ongeza 5, chukua baki la kugawanya kwa 12, kisha ongeza 1: 20 inatoa 2, 6 inatoa 12, 0 inatoa 6. Kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri usiandike “Ijumaa saa 7 usiku”, maana wengi watafikiria usiku unaofuata Ijumaa mchana. Andika “usiku wa kuamkia Ijumaa, saa 7”.

Kujaribu yote haya, kufunga ukurasa hakutoshi, maana kufunga ni kuaga. Meza pakiti kimyakimya kwa iptables, kichujio cha pakiti cha Linux, na DROP, si REJECT inayojibu, kisha shika saa: kijani lazima kizimike ndani ya sekunde 80, yaani 60 za laini na 20 za subira. Kikizidi hapo, kuna laini iliyopitwa na wakati wake ambayo bado inahesabiwa hai.