Siku moja malishoni na wafugaji wa nyati, milima ya Uttarakhand

Saa 10 alfajiri. Kilichoniamsha ni ndama. Wanalala humu humu ndani, ng'ambo ya jiko, watatu, kila mmoja kafungwa kwenye nguzo yake, na yule mdogo ameanza kumwita mama yake. Nje bado giza totoro, mvua inanyesha. Dadi keshaamka, anapuliza makaa. Dadi ni bibi mzaa baba. Wajukuu wanamwita hivyo, nami nimefuata. Yeye ananiita beti, binti yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, Tanzania, nasomea udaktari wa mifugo huku India. Utafiti wangu ni wa minyoo bapa wa ini, na Julai hii yote naishi na familia moja ya Wagujjar kwenye malisho ya juu ya bonde la mto Tons, jimbo la Uttarakhand, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Majina yao nayahifadhi. Ni watu wanaoitwa Van Gujjar, yaani Wagujjar wa msituni. Ni Waislamu, lugha yao Kigojri, na mali yao ni nyati. Nikisema nyati, msomaji wa nyumbani anamwona mbogo wa Serengeti. Huyu ni mnyama mwingine kabisa: mweusi, pembe zimejikunja kuelekea nyuma, mpole kiasi kwamba mtoto wa miaka sita anamwongoza kwa fimbo.

Saa 10 na nusu tunaanza kukama. Nyati hashushi maziwa kwa mgeni, wala kwa haraka. Kwanza ndama anafunguliwa, anakimbilia kiwele, anakipiga kwa kichwa, ananyonya chuchu zote nne kidogo kidogo. Kisha anavutwa pembeni na kufungwa karibu na mguu wa mbele wa mama yake, ili mama aendelee kumlamba. Hapo ndipo mkaza mwana wa Dadi anachuchumaa, anaegemeza paji la uso ubavuni mwa mnyama, na kumwita jina lake. Kila nyati hapa ana jina. Anaita, anakama, anaita tena, na ndoo inajaa povu. Chuchu moja huachwa kwa ndama. Nilimuuliza kwa nini, wakati nyumba ina shida ya fedha. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini mtoto apewe chakula.

Saa 12 wanyama wanatoka na kengele zao, na sisi tunakunywa chai nzito ya maziwa kwa mkate wa mahindi. Kigojri sikijui vizuri, lakini najikuta nyumbani kwa maneno: dunia, habari, kitabu. Siku ya kwanza Dadi alipoona mkoba wangu akauliza kama ndani mna "dawa". Nilisimama nikamtazama, machozi yananilenga.

Kuanzia saa 1 hadi karibu saa 4 ni kazi ya kusukasuka maziwa, na hii ndiyo kazi ninayotaka watu waijue. Barabara ya gari iko mbali, mwendo wa saa tano kwa miguu. Maziwa mabichi hayafiki. Kwa hiyo yanagandishwa usiku, na asubuhi yanamiminwa kwenye chungu kikubwa chenye mti wa kusukia uliosimama katikati, umezungushiwa kamba. Dadi anavuta mkono wa kulia, anaachia, anavuta wa kushoto. Mti unageuka huku na huku, ukilia kama pumzi. Maziwa ya nyati yana mafuta karibu mara mbili ya yale ya ng'ombe, lakini siagi haiji bure. Dadi anaongeza maji baridi ya kijito, anatega sikio. Sauti ikibadilika, ikawa nzito, anajua siagi imeshikana; hafunui kuangalia. Viganja vyake vina mistari miwili migumu ya kamba, kila kimoja. Nilijaribu kwa dakika kumi, malengelenge yakatoka.

Siagi itayeyushwa iwe samli, itashushwa kwa nyumbu siku ya Alhamisi. Bei haipangwi humu. Anayenunua ndiye aliyewakopesha unga na fedha za safari, na mwenye deni haulizi bei. Hili linaniuma kuliko baridi.

Saa 5 napanda mlimani na mtoto wa Dadi wa kwanza. Nachukua sampuli za kinyesi, nafunua kope kuangalia weupe, napapasa chini ya taya kama kuna uvimbe, dalili za minyoo hao. Yeye ananionyesha bonde dogo lenye majimaji na nyasi nzuri za kijani, akasema pale hapeleki mifugo, "pananenepesha taya". Hakusomea popote kwamba minyoo yangu hupitia kwa konokono wa majimaji kabla ya kumfikia nyati. Aliona, baba yake aliona, wakaacha kuchunga pale. Nimeandika maneno yake kwenye daftari kama alivyoyasema.

Tukakaa juu ya jiwe, akanisimulia njia. Majira ya baridi wako chini, misitu ya vilima vya Shivalik, wanakata matawi ya miti kuwalisha nyati. Joto likianza Aprili, majani yanakauka, na nyati mwenye ngozi nyeusi na tezi chache za jasho hawezi kuvumilia. Lazima wapande. Wanatembea usiku kukwepa jua na magari, watoto wadogo wakiwa juu ya farasi pamoja na vyungu. Septemba wanashuka tena. Mwaka huu walizuiwa kwenye geti la msitu siku kadhaa kwa ajili ya kibali, pasipo malisho wala kivuli, na ndama mmoja akafia hapo. Ipo Sheria ya Haki za Misitu ya 2006, nayo inataja malisho ya wafugaji wanaohamahama. Anaijua, ana nakala yake kwenye mfuko wa nailoni. Mfuko ule aliukunja polepole sana, akaurudisha kifuani.

Saa 10 jioni ukungu umeshuka, hatuoni hatua kumi mbele. Tunafuata kengele. Nyati mmoja kateleza, kajikata juu ya kwato. Nimemsafisha na kumfunga. Dadi akaongeza manjano na mafuta ya haradali juu ya bendeji yangu, nami sikumzuia.

Jioni ni kukama tena, kuni tena, maji tena. Baada ya sala ya Isha mkaza mwana anakaa karibu na moto kudarizi kofia ya mumewe, nyuzi nyekundu na kijani. Nikamwambia kwetu Tanzania, kule pwani, wanawake nao hushona kofia. Akataka nimchoree nakshi za kofia hizo. Nikachora vibaya, akaelewa.

Saa 4 usiku moto umefifia. Yule ndama mdogo hakunyonya vizuri jioni, na nimelala nikisikiliza pumzi yake. Nikasikia Dadi akiinuka gizani. Hakuwasha taa. Akapita kwa ndama mmoja mmoja, akigusa masikio kupima joto, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwa yule wa tatu akakaa. Akavua shali yake, akamfunika.