Siku yangu Kacheliba: kumtafuta mgonjwa aliyehama na ng'ombe

Saa 12 asubuhi. Wodi imeshaamka, maana ni saa ya sindano. Matibabu ya kawaida ya kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaovimbisha wengu, huku Pokot Magharibi, Kenya, ni sindano mbili kila siku kwa siku 17: stiboglukoneti na paromomisini. Watoto wamezipa majina yao: ile inayouma, na ile inayouma zaidi.

Saa 2. Maabara. Kuna mvulana mchungaji kutoka Amudat, upande wa Uganda. Homa ya wiki nyingi, mbavu zinahesabika, wengu umeshuka hadi kitovuni. Kwao alishameza dawa za malaria zaidi ya mara moja. Mchana huchunga akiwa amekaa juu ya kichuguu, usiku analala karibu nacho, na usubi wanaoeneza vimelea hivi hujificha humohumo. Tone la damu kwenye rK39, kipimo cha haraka cha kala-azar, mistari miwili: chanya. Kwake inatosha. Angekuwa aliwahi kuugua, isingetosha, kwa sababu kipimo hicho huendelea kusoma chanya muda mrefu baada ya mtu kupona. Hapo inabidi kutoa majimaji ya wengu kwa sindano na kuyatazama kwa darubini.

Saa 4. Fomu ya ridhaa ya utafiti. Baba yake hajui kusoma, kwa hiyo namsomea kwa Kipokot mbele ya shahidi.

"Hiyo damu mtauza?"

"Hapana, mzee. Ni ya kupima tu."

Anarudia swali mara tatu kabla ya kuweka dole gumba. Namheshimu kwa hilo.

Saa 5 hadi saa 10. Pikipiki, njia ya Konyao, kumtafuta kijana aliyemaliza tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, ulionyesha kwamba vidonge vya miltefosini pamoja na sindano moja ya paromomisini kwa siku, siku 14, vinaponya karibu sawa na zile sindano mbili. Lakini "amepona" huandikwa tu baada ya miezi 6 bila ugonjwa kurudi, na kwa miezi 6 ng'ombe hawakai mahali pamoja.

"Mama, kijana wako yupo?"

"Ameenda na ng'ombe, daktari."

Mimi si daktari, ila nimeacha kubishana. Siulizi anaishi wapi. Nauliza ng'ombe wanakunywa wapi, wako na mifugo ya nani, na nani ana simu yenye laini ya Uganda. Wapokot wako pande zote mbili, kwa hiyo habari huvuka haraka kuliko pikipiki yangu. Leo nampata karibu na Amudat, mnene, anacheka. Nampima wengu: hausikiki. Naangalia ngozi pia, maana kwa wengine hutokea vipele baada ya tiba.

Wanaopanga bajeti za utafiti, wakibanwa, hukata mafuta kwanza. Sijui wanadhani hii miezi 6 inafuatiliwa na nani.

Saa 1 usiku. Naingiza takwimu stima ikiwa ipo. Kesho ni Alale, na gari limeombwa na timu ya chanjo.