Kuhesabu Bila Tarehe: Hedhi Yangu Ilivyopotea Baada ya Sindano

Mwanamke aliyeacha sindano ya uzazi wa mpango hana tarehe ya kuchelewa. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Wenzangu husema "nimechelewa wiki nzima" na ukawaelewa, kwa sababu wanajua siku zao huanza lini. Mimi mwezi uliopita sikuona kitu, wa kabla yake sikuona kitu, sasa nianze kuhesabu kutoka wapi?

Nakaa Busia, upande wa Uganda, nauza viatu vya mitumba. Mume wangu ni dereva wa lori la Mombasa hadi Juba. Akivuka mpaka hapa hulala nyumbani kidogo, kisha anashika njia ya Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na baada ya hapo ni simu tu. Watoto tunao, karo inatuumiza kichwa, na wa tatu tulikubaliana asubiri. Ila ile sindano ya miezi mitatu ilikuwa imenichosha. Mwili ulinenepa na kichwa hakikuacha kuuma, nikaona niiache kwanza. Nilidhani hedhi ingerudi mwezi unaofuata, kama maji ya bomba ukifungua.

Haikurudi. Badala yake nikaanza kuvimba matiti, nikachukia harufu ya samaki, usingizi mchana. Pale sokoni hakuna siri. Jirani wa kibanda cha pili akaniangalia akasema, "Mama Rehema, hongera, hiyo ni mimba." Wifi yangu naye alikuwa na hukumu yake: damu ya miezi yote ile imejaa tumboni, isipofunguliwa itaniua. Akaniletea majani ya mululuza, yale machungu ya dawa za kienyeji, niyachemshe ninywe asubuhi na jioni. Nilimuuliza, wifi, kama humu ndani kuna mtoto, nitakuwa nimemnywesha nini? Na kama hayupo, nafungua nini? Hakunijibu, akaacha majani mezani akaenda zake. Mbuzi wa jirani aliyafaidi.

Nikaenda kituo cha afya cha serikali. Foleni ndefu, lakini musawo, yaani mhudumu wa afya, niliyempata ni mama mtu mzima asiye na haraka. Sikuulizwa swali la hedhi kwanza. Aliniuliza, "Mumeo alikuja lini mara ya mwisho?"

Siku hiyo naijua bila kufikiri, maana mtu wa lori anakuja kwa tarehe. Musawo akaniambia basi hesabu yangu ianzie pale, niachane na kungoja damu. Zikitimia siku 21 tangu tulipokutana bila kinga, kipimo cha mkojo kitasema kweli, hedhi iwepo isiwepo. Kabla ya hapo kinaweza kuonyesha hakuna kitu na mimba ikawepo, kwa kuwa homoni ya ujauzito bado ni kidogo mno kwenye mkojo. Nikauliza kama dawa ya sindano iliyobaki mwilini haiwezi kukidanganya kipimo. Akasema hapana, kipimo kinatafuta homoni ya mimba tu.

Na ile damu ya wifi? Hapo alicheka kidogo. Sindano huzuia yai kupevuka, na ukuta wa ndani wa kizazi unakuwa mwembamba, haujengeki. Hakuna damu iliyofungiwa mahali. Baada ya kuacha, hedhi inaweza kukawia miezi mingi, kwa wengine hata mwaka, na bado mwili ukawa mzima.

Lakini kuna neno moja alilolirudia mara mbili, nami nalirudia hapa kwa wanaoacha sindano kama mimi: yai hutangulia, damu hufuata. Maana yake unaweza kushika mimba kabla hujaiona hedhi hata moja. Wanawake wengi wa soko letu hujiona salama mpaka siku zirudi, halafu wanashangaa tumbo limetoka wapi.

Siku zilipotimia nilinunua kipimo duka la dawa kwa shilingi 2,000 za Uganda. Mkojo wa asubuhi, wa kwanza, kabla ya chai. Nilichovya mpaka kwenye alama, nikakilaza juu ya ndoo iliyofunikwa, nikasubiri dakika tano zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Mstari mmoja tu, ule wa juu unaoonyesha kipimo ni kizima. Wa pili ungetokea, hata ukiwa hafifu, ningehesabu ni mimba na kurudi kituoni. Baada ya kukisoma nilikitupa mara moja. Musawo alikuwa amenionya kwamba ukikitazama baada ya saa nzima unaweza kuona kivuli cha mstari kisicho na maana, ukalia bure.

Tangu hapo kila mume wangu alipoondoka, naweka alama kwenye kalenda ya ukutani na kuhesabu. Kondomu alizinunua mwenyewe, nampa haki yake. Mara moja ilipasuka, nikawahi vidonge vya dharura siku iliyofuata, kwani kadiri unavyokawia ndani ya zile saa 72 tangu tendo ndivyo nguvu yake inavyopungua. Vidonge hivyo navyo huvuruga siku, kwa hiyo kama ulikuwa na tarehe nzuri utaipoteza kwa mwezi huo. Mimi sikuwa na ya kupoteza.

Jambo ambalo nisingelisubirisha kwa kalenda ni maumivu. Musawo alinitajia: tumbo kuuma vikali upande mmoja, kizunguzungu, damu isiyo ya kawaida, au bega kuuma bila sababu. Hiyo inaweza kuwa mimba iliyoshika nje ya kizazi, na hapo ni kupanda boda kwenda hospitali usiku huohuo.

Hedhi yangu ilirudi wakati wa mvua za Machi, kidogo kidogo, halafu ikaruka mwezi, halafu ikatulia. Sasa nina miadi ya kuwekewa kitanzi cha shaba, kisicho na homoni. Musawo amesema damu inaweza kuwa nyingi zaidi miezi ya mwanzo na tumbo kukaza. Nimemwambia aniwekee tu. Damu ninayoiona hainitishi.